Kuni Zilizokataliwa na Mchwa

Uvumi ule ulimganda Koplo Martha kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Aliusikia kwanza bombani, asubuhi alipokwenda kuchota maji: mbuzi waliochomwa na Obadia kwenye sherehe ya ubarikio kwa Edward walikuwa vibudu, wamekufa wenyewe porini, wakaokotwa, wakapakwa chumvi na ndimu, watu wakalishwa. Akausikia tena kwa mama muuza vitumbua. Alijaribu kuutikisa uanguke, haukuanguka. Na aliporudi nyumbani kuvaa sare, akakuta umemtangulia, umeshakaa uani na mama mkwe wake.

"Mama Godfrey, umesikia?"

Mama mkwe aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa amechutama mbele ya kopo kuukuu la mafuta, limetobolewa chini kwa msumari, limejazwa majivu. Alilimiminia maji kidogo kidogo kwa kata. Chini ya kopo alitega bakuli, na magadi yakadondoka humo tone kwa tone, rangi yake kama chai isiyokolea.

"Shikamoo mama. Nimesikia."

"Marahaba. Sasa huyo Obadia utamfunga?"

"Nimfunge kwa maneno ya bombani?"

"Mtoto wa Edward na Catherine yuko kitandani anakata roho, wewe unauliza maneno ya wapi." Mama mkwe akaongeza maji juu ya majivu. "Mimi wajukuu zangu nyama hawagusi tena. Mchana wakitoka shule nawapikia mlenda, wale wanyamaze."

Mama mkwe hajibishwi, hasa anayekulelea watoto baba yao akiwa safarini na malori. Martha alifunga kamba za viatu, akatoka.

Pale Sepuka kituo cha polisi ni chumba kimoja na korido. Kwenye korido, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Obadia mchoma nyama, mtu mnene mwenye mikono iliyobabuka kwa moto wa miaka mingi. Hakuwa amekamatwa. Alikimbilia mwenyewe alfajiri, vijana walipolizunguka banda lake wakiwa na kiberiti.

"Afande, waambie mimi kibudu sijawahi hata kumgusa kwa fimbo," alisema.

"Nitawaambia nikijua. Wewe kaa hapo hapo."

"Nakaa. Ila nje wamesema mtoto yule akifa, na mimi nachomwa."

Martha aliwatazama vijana waliokuwa wamekaa kwenye mzizi wa mwarobaini ng'ambo ya barabara. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Akapanda pikipiki ya kituo.

Kituo cha afya kilijaa. Wagonjwa wote walitoka kwenye sherehe moja, na wote walikuwa na habari moja: tumbo kukata, kutapika, kuharisha maji matupu kama maji ya kuoshea mchele. Wengi walikuwa wakipata nafuu. Aliyezidiwa ni Happiness, mtoto mdogo wa Edward na Catherine, msichana wa darasa la pili. Alilala macho nusu wazi, dripu mkononi, midomo imekauka. Mama yake alimshika mguu kama anayeogopa utapotea.

Daktari Emilian, kijana mrefu asiye na usingizi, alimvuta Martha pembeni.

"Afande, kibudu hakifanyi hivi. Nyama iliyooza naijua, nimetibu sana. Hii ni sumu. Imempiga tumbo, sasa inakwenda kwenye figo. Tangu jana hajakojoa."

"Sumu gani?"

"Hilo ndilo swali langu kwako. Sumu ziko nyingi na kila moja ina dawa yake. Ya panya ina yake, ya kunyunyizia pamba ina yake. Nikiotea nikakosea, namuua mimi. Hospitali kubwa wanasema watanitumia dawa nikiwaambia ni sumu ya nini." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Uvumi ninao mwingi hapa. Niletee jina."

"Una muda gani?"

"Sina. Mtoto hana."

Martha akarudi kitandani, akachuchumaa ili amtazame mtoto usawa wa macho.

"Happiness, mimi mama yake Godfrey. Unasikia? Mdomoni unasikia ladha gani?"

Mtoto alilamba midomo iliyokauka. "Kama hela," alisema.

"Hela ya karatasi?"

"Ya chuma. Nikiiweka mdomoni."

"Na chakula ulikula nini siku ile?"

"Ni nyama ya yule muuaji," Catherine alidakia. "Dada Martha, unamuuliza nini mtoto mgonjwa? Kijiji kizima kinajua."

"Kijiji kinajua, mimi bado. Ulimwona akila nyama?"

"Mimi nilikuwa jikoni, nitaona wapi? Watoto walikula chakula, na mimi nikala kidogo nikapata tumbo. Muulize baba yake, yeye ndiye aliyekuwa anagawa."

Edward alisimama dirishani, kofia mkononi. Ni mtu wa masihara, lakini masihara yalikuwa yamemkauka.

"Wewe ulikula?" Martha alimuuliza.

"Nilikula mpaka nikafungua mkanda. Na supu juu. Sina kitu. Labda mimi nina tumbo la fisi."

"Na wazee waliokaa na wewe?"

"Watakuwa na matumbo ya fisi pia. Jana nimemwona mzee wa kanisa anapita na baiskeli, anapiga mluzi."

Martha alisimama. Aliomba ufunguo wa jiko lao.

Mji wa Edward uko nje kidogo ya senta, nyuma ya mawe makubwa. Turubai la sherehe lilikuwa bado limefungwa, viti vya kukodi vimerundikwa. Martha hakuingia ndani kwanza. Alizunguka. Bosi wake wa zamani kule Manyoni alimfundisha hivyo: watu wanaweza kukudanganya, lakini jalala halijui kudanganya.

Nyuma ya turubai, mbwa wawili walikuwa wakinyang'anyana fupa la paja. Mifupa ilitapakaa pale: ya miguu, ya mbavu, fuvu moja lenye pembe. Mbwa walikuwa wameneemeka. Mmoja alimletea Martha fupa, akalidondosha miguuni kwake akitaka mchezo, mkia ukipiga vumbi.

Juu ya ua zilianikwa ngozi za wale mbuzi. Martha akazikagua moja moja, akazigeuza ndani. Mnyama aliyekufa mwenyewe damu humgandia kwenye mishipa, ngozi yake ndani huwa na michirizi myeusi. Hizi zilikuwa safi, nyeupe, na shingoni kila moja ilikuwa na mkato ulionyooka. Mbuzi hawa walichinjwa wakiwa hai.

Habari ya kibudu ilikufa pale pale.

Akazunguka upande wa jiko. Huko alikuta kimya. Kwenye dampo la jikoni, palipomwagwa makombo na maji ya vyombo, kuku watatu walilala wamenyoosha miguu. Jogoo mmoja alikuwa amefia mbali kidogo, mdomo kwenye vumbi. Karibu yao kulikuwa na kitu kilichokauka na kung'aa juu ya udongo kama njia ya konokono. Martha akachukua kijiti, akakigusa, akakinyanyua. Kilivutika.

Mlenda.

Alisimama hapo akiwatazama kuku, halafu akageuka akawatazama mbwa. Mbwa walikula nyama, wakawa wanacheza. Kuku walidonoa mlenda, wakafa. Wanaume walikula nyama kwenye turubai, wakarudi kwao na baiskeli. Wanawake na watoto…

Alimpigia Catherine simu.

"Mama Happy, samahani. Nyama ilifika jikoni?"

"Dada, unayajua mambo ya huku. Nyama inaliwa na wanaume mpaka inaisha. Jikoni tulisubiri, tukaona sahani zinarudi na mifupa. Tukala ugali na mlenda wetu."

"Na watoto?"

"Walikuwa na sisi. Dada Martha, kwa hiyo mwanangu nyama hakula?"

"Mlenda ulipikwa na nani?"

"Ni mimi. Mimi mwenyewe." Sauti yake ilishuka. "Majani nimechuma shambani kwangu. Karanga zangu. Chumvi ni ile ile waliyotia kwenye nyama. Usiniambie ni mimi."

"Sijasema ni wewe. Mwambie daktari aache kutafuta kwenye nyama."

Martha alifungua jiko, akafunga mlenda uliobaki sufuriani kwenye mfuko wa nailoni, akaandika juu yake ulikotoka, akamfunga na jogoo kwenye mfuko mwingine. Chumvi alionja kwa ncha ya ulimi, akaikuta ni chumvi. Majani ya mlenda yalikuwa bado kwenye ungo, akayapekua jani kwa jani, hakuona geni. Karanga hazikuwa na ukungu. Kando ya mafiga palikuwa na kopo lililotobolewa chini, limepinduliwa, tupu, limeoshwa. Aliliona. Alilinyanyua, akalirudisha. Kopo kama hilo liko kila nyumba.

Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja kisichotoka shambani kwa Catherine: Obadia. Nyama yake haikuua mtu, lakini yeye alikuwepo. Alimfuata kituoni, akampakia nyuma ya pikipiki mbele ya wale vijana, akawaambia anakwenda naye kwenye banda lake kufanya upekuzi na anayetaka kumchoma aje amchome yeye kwanza. Hakuna aliyeinuka.

Banda la Obadia lina majiko mawili: upande huu wavu wa kuchomea, upande ule mafiga makubwa ya sufuria la supu. Ukutani spika mbili za muziki. Kuni zake zilipangwa kwa mafungu, safi kama vitabu.

"Nieleze kuni zako," Martha alisema.

"Kuni au nyama?"

"Kuni. Nyama yako imeshinda kesi, kilichobaki kwako ni moto tu."

Obadia alivuta pumzi, na mabega yakamshuka. Halafu, kama mtu aliyeulizwa habari za watoto wake, akaanza.

"Hii mgunga. Hii ndiyo baba wa choma. Ikikauka vizuri inatoa kaa gumu, moto wake hauna haraka. Hii mkwaju, ya beberu mzee mwenye misuli, inataka moto mkali. Hivi vipande vidogo ni mpera na mwembe, naviweka mwishoni kabisa, vitoe moshi kidogo uingie kwenye mbavu. Nyama ya kukausha naikaushia kwa mpera mtupu. Ubichi sitaki. Kuni mbichi inalia, na moshi wake unaacha masizi kwenye nyama, unakula unahisi umelamba dari."

"Na ile kule?"

Nyuma ya mafiga ya supu kulikuwa na fungu la pekee. Vipande vinene, mviringo mmoja, vimebabuliwa nje vikawa vyeusi.

"Aa, hizo za chini ya sufuria. Kaniletea Chrispin juma lililopita na guta lake la kubebea mizigo. Mgunga umekuwa taabu, afande, siku hizi ukikata unakamatwa na nyie nyie. Kasema ni mkambala wa kule ng'ambo ya Itigi. Mimi nikanusa, nikaona sizijui. Na mimi sheria yangu ni moja: kuni nisiyoijua haigusi nyama yangu. Sufuria lina mfuniko, moshi hauingii. Hapo nachemshia supu."

"Chukua shoka. Pasua kimoja."

Obadia alipasua. Shoka liliingia kwa urahisi kuliko ambavyo mkambala ungeliruhusu. Kipande kilifunguka, na ndani, kutoka ukingoni kuelekea kwenye moyo, kilikuwa kijani. Si ubichi wa mti. Ni kijani cha shaba iliyolala chini ya maji.

"Huu si mkambala," Obadia alisema taratibu. "Huu ni mkaratusi. Umetiwa kitu."

Martha alipiga magoti kwenye fungu. Mwisho wa kipande kimoja moto wa kubabua ulikuwa haukufika vizuri, na hapo alikuta tundu la msumari, na ndani ya tundu kutu. Kwenye kingine udongo mwekundu uligandia mpaka nusu, halafu ukakoma kwa mstari uliolala sawasawa. Hii ilikuwa nguzo, ilisimama ardhini.

"Obadia, hapa kwetu ukiegemeza jembe ukutani usiku mmoja, asubuhi mpini umefanyaje?"

"Umeliwa na mchwa."

"Hizi zimesimama ardhini miaka. Nionyeshe alipouma mchwa."

Obadia aligeuza kipande kimoja, akageuza cha pili. Akakiweka chini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Hajauma popote."

"Mchwa anakula nyumba, anakula Biblia, anakula viatu vya marehemu. Hizi kazikataa. Wewe umezipikia supu."

"Supu nimekunywa mimi mwenyewe," Obadia alisema haraka. "Nakunywa kila siku. Niko hapa."

Huo ulikuwa ukweli. Kuni zina sumu. Mlenda una sumu. Katikati hakuna kitu. Alimpigia Chrispin, akaweka simu kwenye spika.

"Chrispin, Koplo Martha hapa. Kuni ulizomletea Obadia zilikuwa nguzo za nini?"

"Nguzo? Afande shikamoo, mimi sijui nguzo, mimi nauza kuni tu."

"Nguzo ina tundu la msumari. Mti wa porini unapigiliwa na nani?"

Upepo ulisikika kwenye simu.

"Ni uzio wa shamba la zamani, afande. Kule njia ya Mitundu. Mwenyewe kaondoka siku nyingi, seng'enge zimeibwa, nguzo zimebaki zimesimama bure. Mimi nikasema bora zisaidie watu."

"Ukazibabua kwa nini?"

"Zilikuwa na rangi mbaya. Mteja akiiona haninunulii."

"Chrispin, usizime simu na usiondoke ulipo. Nani mwingine umempelekea?"

"Hakuna, afande, nakuapia. Huo ulikuwa mzigo wa kwanza."

Martha akakata simu. Akapiga kwa Daktari Emilian.

"Daktari, nguzo za uzio, zile wanazotia dawa ili mchwa asile. Zinakuwa kijani ndani. Dawa hiyo ina sumu gani?"

Upande wa pili kiti kilisukumwa. "Kijani? Hiyo ina aseniki. Afande, hiyo inafanana kabisa na huyu mtoto. Lakini atakulaje nguzo?"

"Hakula nguzo. Mbao hizi zimechomwa."

"Basi imebaki kwenye majivu," Emilian alisema. "Moto hauiui ile sumu, unaikusanya. Majivu yake ni mabaya kuliko ubao wenyewe."

Martha aliteremsha simu polepole. Alitazama mafiga ya supu. Yalikuwa yamezolewa, safi.

"Obadia. Majivu unatupa wapi?"

"Situpi. Majivu yangu yanagombaniwa." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, mazoea yalimtoka mdomoni kabla hajafikiri. "Nazoa majiko yote mawili, natia shimo moja pale nyuma. Wanawake wanakuja kuchota ya magadi. Si unajua, majivu ya mgunga ni meupe, hayana uchafu, magadi yake yanalainisha mlenda mara moja. Mama Happy alichota siku moja kabla ya sher…"

Rangi ilimtoka usoni.

"Mungu wangu," alisema. "Nyama niliilinda."

"Nani mwingine alichota?"

"Majiko niliyazoa siku hiyo hiyo, majivu ya juma zima. Alikuja Mama Happy, akachukua karai. Mengine yako pale, nimefunika na bati. Halafu…" Alimtazama Martha, akatazama pembeni. "Jana jioni alikuja mama mkwe wako, na kikapu."

Kopo lililotobolewa. Tone kwa tone. Rangi ya chai isiyokolea.

Simu ya mama mkwe iliita mpaka ikakatika. Huwa anaiacha chumbani ndani ya kopo la unga ili isiibwe. Martha alimwambia Daktari Emilian maneno matatu tu, "ni aseniki, agiza," akamwambia Obadia akae juu ya lile bati na asibanduke hata wakija na kiberiti, akawasha pikipiki. Kengele ya shule ya msingi ililia alipokuwa anapita dukani. Watoto wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wameshamwagika barabarani, mabegi yakigonga migongo.

Aliwakuta wameketi mkekani. Godfrey na mdogo wake walikuwa wameshanawa, mikono inachuruzika maji. Ugali wa mtama ulikuwa kwenye sinia, unafuka. Mama mkwe aliinama juu ya sufuria, upawa mkononi, anakoroga.

"Shikamoo mama," Martha alisema. Ilimtoka yenyewe.

"Marahaba. Mbona unahema? Njoo ule."

Martha alivuka mkeka na viatu vyake vya kazi, jambo ambalo hakulifanya tangu aolewe nyumba ile. Alitwaa sufuria kwa pindo la shati, akalinyanyua.

"Mama Godfrey, una wazimu? Mlenda wangu unaupeleka wapi?"

"Una sumu, mama. Godfrey, umekula?"

"Bado," Godfrey alisema. "Bibi kasema tusubiri uive."

"Hata tone moja umeonja? Niangalie."

"Sijaonja, mama."

"Sumu," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa chini na kali. "Nimechuja magadi kabla baba mkwe wako hajanitolea mahari. Nimekuza watoto kwa mlenda huu, na mmoja ndiye uliyemfuata wewe. Leo nimekuwa mchawi mbele ya wajukuu zangu."

"Si wewe, mama. Ni majivu ya Obadia. Kuni alizochomea supu zilikuwa na dawa."

"Kama ni hivyo, umwage, wacha kunishikia sufuria kama mwizi."

"Simwagi. Kuku watadonoa." Martha alifunika sufuria, akalifunga kwa kanga, akachukua na kopo lenye majivu na bakuli la magadi yaliyobaki. Kisha akamgeukia mama mkwe. "Wewe umeonja?"

Mama mkwe alikunja midomo.

"Mama, nakuomba. Umeonja?"

"Mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Nimeonja chumvi. Nikaonja tena, maana ulikuwa na kitu."

"Kitu gani?"

Mwanamke mzee alipitisha ulimi juu ya meno yake. Ukali ulimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza Martha alimwona amekuwa mdogo.

"Kama nimelamba senti," alisema.

Alimbeba kwa pikipiki, sufuria likiwa limebanwa katikati yao, watoto wameachwa kwa jirani na amri ya kutokula kitu chochote kisichomenywa. Njiani mama mkwe alitapika mara ya kwanza. Hakulalamika. Alisema tu, karibu na sikio la Martha, kwamba ugali upo, watoto wapewe na maziwa, wasilale na njaa.

Dawa ililetwa na gari la wagonjwa kutoka hospitali kubwa jua likiwa limeinama. Mama mkwe alionja kidogo, na kidogo hicho kilimlaza, kikamtetemesha, lakini Daktari Emilian hakumwogopea. Aliyemwogopea alikuwa Happiness. Walimchoma sindano, wakasubiri, wakamchoma nyingine. Catherine alikaa sakafuni mgongo ukutani. Obadia alikuja akiwa na polisi mwenzake Martha, akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti. Edward alimwona. Alimwendea, akamshika mkono, wakasimama hivyo wawili hao.

Martha hakuweza kukaa. Alipima urefu wa korido kwa miguu, akatoka nje, akarudi, akatoka tena.

Kulikuwa kumepambazuka Daktari Emilian alipotoka. Alikuwa na chombo cha plastiki mkononi, ameinamisha kichwa anakichungulia kama mtu aliyepata mafuta.

"Amekojoa," alisema.

Catherine alinyanyuka, akampita, akaingia kwa mwanawe.

Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Chrispin alishalala mahabusu, na shimo la majivu lilishazungushiwa miba na kuwekewa mlinzi. Lakini Martha aliona watu wanashuka kwenye malori na vikapu, wa kutoka vijiji ambavyo hakuvijua majina, na kila kikapu kingeweza kurudi na kuni au na majivu. Na shamba la njia ya Mitundu lilikuwa bado limesimamisha nguzo, mamia, bure kwa anayezitaka. Akamwomba Obadia afungulie zile spika zake za muziki. Obadia akapiga kipaza sauti kwa kidole, akampa. Vijana wa mzizi wa mwarobaini walisogea, mmoja wao ameinamisha kichwa.

Martha si mtu wa hotuba. Alisema haya, akayarudia mpaka sauti ikakauka:

Usichomee wala usipikie nguzo ya uzio, ya umeme, wala kipande cha mbao ya ujenzi, hata iwe kavu namna gani.

Usichukue kuni yenye rangi ya kijani ndani, au yenye tundu la msumari.

Usinunue kuni iliyobabuliwa nje bila kuipasua.

Usiokote kuni iliyolala ardhini miaka na mchwa hajaigusa, kama hujui jina la mti wake.

Usiwashe mnyaa, ule wa utomvu mweupe, karibu na chakula wala karibu na macho ya mtoto.

Usikaushie nyama kwa msonobari, mkorosho wala mwarobaini, wala kwa kuni yoyote mbichi.

Usifikiri mfuniko wa sufuria umemaliza kazi.

Usimwage majivu usiyoyajua kwenye bustani, wala kwa kuku, wala kisimani.

Usiseme kibudu kabla hujauliza nani alikula nini.

Usichuje magadi kwa majivu ya moto ambao hukuuwasha wewe. Hata yakiwa meupe.